Roboti Aliyepenya Picha ya Bosi

Kila asubuhi saa mbili naning'iniza mkoba kwenye msumari, nafuta kiti, naandika amri moja kwenye kompyuta, kisha naenda kuchemsha maji. Hiyo ndiyo kazi niliyoisomea chuoni miaka mitatu. Nikirudi na kikombe changu, roboti amekwishafungua kivinjari mwenyewe, amejiandikisha kama mgonjwa, amebonyeza kila kinachobonyezeka, na ameniachia alama arobaini za kijani.

Msimwazie mikono ya chuma. Roboti wangu ni faili la maandishi tu, la kuijaribu tovuti yetu ya kuandikisha wagonjwa: jifanye simu, fungua ukurasa, jaza jina, bonyeza "Thibitisha", hakikisha yametokea maneno "Umepata nafasi". Yakitokea, kijani. Yasipotokea, nyekundu. Bosi wetu haipendi nyekundu, kwa hiyo hatuna.

Asubuhi hiyo alama zilikuwa zimefika ishirini na tatu simu yangu ilipolia. Alikuwa shangazi. Shangazi hapigi simu saa za kazi hata nyumba ikiungua. Anaamini simu moja tu inatosha kunifukuzisha.

"Mwanangu, nakusumbua?"

"Hapana, shangazi."

"Basi hili dude lenu limenikataa. Nimejaza jina, nimejaza umri, tena ule wa kweli. Nafika mwisho, anatokea yule bwana wa tai, ananichekea. Nikigusa, anacheka. Nikikandamiza, anacheka. Nimebakiza kumpa shikamoo tu."

Nilikijua kicheko hicho. Kinaning'inia pia ukutani, juu ya meza yangu.

"Au ni kidole?" akaendelea, sauti ikishuka. "Miaka thelathini ya sindano, labda kimekuwa sugu, simu haikisikii. Leo siku ya tatu. Sikutaka kukwambia, usije ukaaibika mbele ya wenzako."

Shangazi ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili; siku hizi uzi anautunga kwa ulimi na maombi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya mji kwa juma moja tu, na nafasi ya upasuaji ilipatikana kwa njia moja tu: tovuti yetu ya kisasa, kupitia simu ya mgonjwa mwenyewe, ili walanguzi wasiuze nafasi za watu. Maandikisho yalikuwa yanafungwa siku hiyo hiyo, saa sita mchana.

"Si kidole, shangazi. Ni mtandao. Jaribu tena baadaye kidogo."

Huo ndio ujasiri wangu. Ofisini wananiita Kimya, na hawajanionea.

Ukweli niliujua kwa wiki mbili. Bosi alikuwa ameagiza picha yake itokee mwisho wa fomu, na chini yake maneno "Afya yako ni furaha yangu". Siku ya kwanza roboti aligoma. Aliandika kwa wekundu: *Siwezi kubonyeza. Kitufe kimezibwa na picha ya mkurugenzi.* Roboti ana bahati, hakuna aliyemfundisha woga. Mimi nilikwenda mlangoni kwa bosi, nikasimama hadi miguu ikafa ganzi, nikasema, "Bosi, labda picha ingependeza zaidi ikikaa juu kidogo."

Akaiangalia kwa makini. "Kwani unaiona ndogo?"

Jioni hiyo ikapanuliwa.

Basi nikarudi kwenye faili langu, na mbele ya "bonyeza" nikaongeza neno moja: *lazimisha*. Ukimpa roboti neno hilo, hajali kilicho juu ya kitufe. Hupenya tu, kama moshi kwenye wavu. Kijani kikarejea. Bosi akanunua keki. Binadamu, bahati mbaya, hawana neno hilo kidoleni.

Saa tano na dakika ishirini mkuu wa wauguzi wa hospitali aliingia ofisini bila miadi, viatu vyake vya mpira vikilia kwenye sakafu.

"Nina vitanda sitini," alisema kabla hajakaa. "Nina wagonjwa wanne. Wote wanne wana zile simu pana kama sinia. Wengine wako wapi?"

"Mama, tafadhali." Bosi akaonyesha chati ukutani, kijani kitupu kama shamba baada ya mvua. "Majaribio arobaini, yamefaulu arobaini. Mfumo hauna tatizo. Tatizo ni watumiaji. Hawa wazee wana vidole vigumu. Simu inataka mguso wa kisasa."

"Mguso wa kisasa ukoje?"

Bosi akaigusagusa hewa kwa madaha. "Hivi."

Mkuu wa wauguzi akamtazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayekataa kupimwa. Mimi nilikuwa nikiwaza kidole kimoja, kilichotobolewa na sindano hadi kikawa kama kifuniko cha chupa, nacho sasa kinajilaumu.

"Kimya, mwonyeshe mama roboti wetu," bosi akasema.

Nikakaa kwenye kompyuta. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini na tano. Nikafungua faili, nikalifuta neno *lazimisha*, nikaandika amri.

Kivinjari kikafunguka kwenye skrini kubwa ya ukutani, mbele ya wote. Jina likajijaza. Umri ukajijaza. Picha ya bosi ikachomoza na meno yake yote. Roboti akajaribu, akangoja. Akajaribu tena. Sekunde thelathini ni ndefu sana ukiwa chumba kimoja na mtu anayetabasamu mara mbili.

Nyekundu.

"Limeharibika!" bosi akaruka. "Binti, umegusa nini? Kila siku ni kijani!"

"Ngoja kwanza," mkuu wa wauguzi akasema, akisogea ukutani na miwani yake. "Kuna maandishi hapa. Kitufe kimezibwa na..." Akasita, akamgeukia bosi, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, hii maana yake nini?"

"Ni lugha ya kitaalamu," bosi akadakia. "Hata yeye hawezi kuieleza."

Nikasimama, kwa sababu nikiwa nimekaa sauti yangu haivuki meza.

"Naweza. Bosi, siku ile niliposema picha yako ingependeza ikikaa juu kidogo, sikumaanisha hivyo. Nilimaanisha inaziba kitufe, na kwa simu za kawaida hakuna mtu anayeweza kujiandikisha. Kijani chote hicho nilikilazimisha mimi, kwa sababu nilikuogopa. Shangazi yangu haoni vizuri, ameshika simu siku ya tatu, anadhani kosa ni kidole chake. Zimebaki dakika thelathini na tatu. Kuiondoa picha ni mstari mmoja. Naiondoa sasa hivi."