Ukaguzi Usiofika Mwisho

Evodia alikuwa na studio ya video za harusi kule Masuguru, na kila Ijumaa jioni aliiweka seva yake, kompyuta ya kuhifadhia video, ijikague. Seva ilikuwa na diski mbili zenye nakala zilezile, ili kitu kikiharibika kwenye moja, nyingine ikiponye. Mpango mzuri, kasoro siku. Jumamosi, nani asiyejua, ni siku ya harusi. Ukaguzi bado unaendelea, mashine inakuwa nzito, Dunstan mhariri analalamika, Evodia anaufuta ukaguzi. Ijumaa nyingine anauanza upya, toka mwanzo. Ndiyo kupalilia mahindi ya mlangoni kila wiki, huku mwisho wa shamba magugu yamekufika kiunoni.

Magugu aliyaona siku Mwanaidi alipokuja kutoka Handeni. Baba yake, mzee Mdoe, alikuwa amefariki. Arobaini ingekuwa Jumapili ile, na flashi ya harusi ya Mwanaidi ilishapotea. Hakuwa na video nyingine ya baba. Evodia akaifungua harusi ile, ikakwama. Akarudia, ikakwama palepale.

"Usinifiche, dada. Ipo au haipo?"

"Sijui, mdogo wangu. Njoo Jumamosi."

Safari hii aliuanza ukaguzi Jumatatu. Dunstan alipohitaji mashine, hakuufuta. Aliusimamisha tu, na Dunstan alipomaliza akauendeleza pale ulipoishia.

"Kumbe inawezekana?" Dunstan akauliza.

"Inawezekana siku zote. Usinisimange." Aibu ilikuwa imemjaa.

Ijumaa ukaguzi ukafika mwisho kwa mara ya kwanza. Video nyingi zilipona. Ya Mwanaidi ilikuwa imeharibika kwenye diski zote mbili: mzee Mdoe akimwozesha binti yake hakuwepo tena. Kilichobaki ni kipande kifupi cha uani.

Jumamosi Mwanaidi alikitazama amesimama. Mzee, mikono ya kanzu kaikunja, anamfokea mpishi: "Nyama mbichi hii! Wageni wangu waitafune mpaka wafike Mkumbara?" Kisha akaigeukia kamera, bado kakunja uso. "Na wewe mama wa picha, umekula?"

Mwanaidi akakaa chini, machozi yanamtoka.

"Nisamehe, mdogo wangu," Evodia akasema. "Ile sehemu ya kufunga ndoa..."

"Ndoa najua nilifunga, dada. Siku anakufa, kauli haitoki vizuri, aliniuliza hivyohivyo kama nimekula. Nirudishie hapo."