Figo ya Rubeni

Jumamosi ya kuamkia sikukuu ya mavuno, Dorkasi alikuwa uani kwake Malindi ya milimani akichambua maharage ya sadaka, mazuri huku, yaliyotobolewa kule, shemeji yake Elisante alipoingia na habari iliyomfanya ainuke akanawe mikono isiyokuwa michafu.

Elisante alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa karani wa mahakama huko Tanga mpaka akastaafu, na jambo lolote la ukoo lililogusa serikali lilipelekwa kwake. Siku hiyo alikataa kiti, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akaeleza taratibu kwamba amezungumza na watu anaofahamiana nao. Rubeni anaweza kutoka gerezani, ili mradi akubali kumtolea dada yake figo. Iandikwe barua moja kwa wakubwa wa bodi inayowaachia wafungwa kabla ya muda, na mambo yote mawili yawe humo humo. Siku Rubeni atakayoruhusiwa hospitalini ndiyo siku kifungo kitakapokwisha.

"Unapata watoto wote wawili kwa siku moja, shemeji," alisema. "Nani amewahi kupewa hivyo?"

Dorkasi alitamani. Alitamani kwa mwili wote, na hakumficha Mungu wake. Wema, kitinda mimba, figo zake zilikuwa zimekufa. Alikuwa akiishi kwa dada mmoja wa kanisa huko bondeni, karibu na hospitali kubwa, ili damu yake isafishwe kwa mashine, na nyumbani alikuja siku chache tu kama hizi za sikukuu, miguu imemvimba, maji ya kunywa akiyapima kwa kikombe kidogo cha chai. Figo ya mama ilikataliwa kwa sababu ya presha. Ya Rubeni ilikubali. Damu yake ilipimwa huko huko gerezani, daktari akasema inaoana na ya Wema.

Rubeni alikuwa ndani kwa jambo ambalo hakuna aliyelipinga, hata yeye mwenyewe. Alikuwa dereva wa gari la kabichi la kushuka Mombo. Fundi alimwambia breki zimechoka, yeye akasema hii ya leo tu, kabichi zitaoza. Kwenye kona za kuteremka gari likamshinda. Kijana Paskali wa Rangwi, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo, hakupona.

Elisante alipokwisha kuondoka, Wema aliita kutoka ndani. Alikuwa amelala karibu na dirisha na amesikia yote.

"Mama, daktari alisema mtoaji anaweza kukataa hata akiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Kaka akikataa hapo, anarudishwa ndani?"

"Ndivyo itakavyokuwa."

"Basi hiyo figo sikupewa na kaka. Nimepewa na gereza."

Dorkasi alimwambia alale. Akarudi kwenye maharage yake, lakini mikono ilichanganya yaliyotobolewa na mazuri, ikabidi aanze upya.

Kesho yake kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya ibada waumini wakakusanyika uwanjani kwa mnada, kama ilivyo desturi, maana vitu vya sadaka haviliwi na mchungaji peke yake: mikungu ya ndizi, viazi, kuku waliofungwa kamba za mgomba miguuni, mayai kwenye kibakuli, vyote hunadiwa ili kanisa lipate fedha. Aliyenadi alikuwa mzee wa kanisa Aron, mtu mwenye sauti ya kupita mabonde mawili na ulimi usiojua kuogopa ndugu. Yai moja lilinunuliwa, mnunuzi akalirudisha linadiwe tena, likanunuliwa, likarudishwa, mpaka watu wakauliza kama halijaiva kwa kushikwashikwa. Mkungu wa ndizi alioutoa bibi mmoja ulinunuliwa na kijana, akaamuru upelekwe kwa bibi yule yule, na bibi akaficha uso kwa kitenge.

Kisha ikafika zamu ya kondoo wa Elisante, dume mnene, na watu wakasogea. Mzee Aron alimwinua kondoo kidevu, akamtazama, halafu akamtazama mwenyewe.

"Ndugu zangu, kondoo huyu ana mwenyewe tayari. Bwana Elisante amenifuata pale nyuma, ameniambia mnada niuishie kwa mkwe wake, na bei amenitajia. Sasa nauliza mbele yenu. Elisante, kondoo huyu umemtoa, au umemleta kutembea?"

Uwanja mzima ukacheka. Elisante naye alijaribu kucheka. Alijitetea kwamba mkwe alishaahidiwa, kwamba fedha si ingeingia kanisani vile vile, kuna ubaya gani. Mzee Aron akamjibu kwa upole kwamba hakuna ubaya, ila hiyo iitwe biashara, na biashara ina siku yake sokoni. Akamrudishia kamba mkononi.

Dorkasi hakucheka. Alimtazama kondoo akiondoka na kamba shingoni, akautazama tena ule mkungu wa ndizi mbele ya bibi. Vyote viwili vilikuwa vinarudi nyumbani kwa waliovileta. Lakini bibi alikuwa ameuachia kabisa wa kwake kabla mkono wa mwingine haujaurudisha.

Jioni hiyo alimfuata Elisante nyumbani kwake, akamwambia barua isiandikwe. Elisante alikuwa bado na uchungu wa mchana. Alimwambia usharika umemcheka na sasa shemeji anamalizia. Akamuuliza ni mama wa namna gani anayepewa ufunguo akautupa.

"Na Sesilia wa Rangwi?" Dorkasi alimuuliza. Sesilia ndiye mama yake Paskali. "Akisikia mwanangu ametolewa kwa figo, si atauliza yeye atoe nini ili wa kwake arudi?"

Elisante alisema tu kwamba Rubeni ameshapelekewa habari na ameshakubali.

Basi siku ya kutembelea wafungwa Dorkasi alishuka mlima na ndizi za kuchemsha na maharage. Walikaa kwenye benchi, askari kando. Rubeni alimwamkia mama yake shikamoo macho yakiwa chini.

"Nimekubali, mama. Baba mdogo ameshanieleza."

"Sikuja kusikia umekubali. Nimekuja kukuambia unaweza kukataa."

Rubeni aliinua uso.

"Ukikataa, chakula nitaleta vile vile," Dorkasi aliendelea. "Na jina lako nitalitaja kwenye maombi vile vile. Kutoka kwako kutatafutwa kwa njia yake. Haya mawili sitaki yafungwe kamba moja."

Kijana alijibu kwa Kishambaa cha nyumbani, sauti ya mtoto aliyeumwa usiku: kwamba basi anaogopa. Kwamba tangu siku ile ya gari hawezi kuona damu. Hataki kukatwa.

"Nimesikia," Dorkasi alisema. Akamsogezea bakuli. "Kula, visipoe."

Njiani kurudi alipita kwenye ile kona ya ajali. Kila mara aliipita akiwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya Paskali, na siku hiyo aliinamisha kwa ajili ya wote. Alimpelekea Wema jibu kwa mdomo wake mwenyewe, bila kulipunguza. Wema alilia kidogo, halafu akafuta macho.

"Angalau amesema kweli, mama. Ningeambiwa ndiyo, ningekaa na wasiwasi maisha yote."

Zikafuata siku ngumu. Wema alizidi kukonda, na Dorkasi aliendelea kushuka na bakuli lake kila siku ya ruhusa. Walizungumza na Rubeni habari za mvua, za viazi, za nani ameoa. Ulimi ulimwasha kila safari, akaubana. Hata katika maombi alijichunga. Hakumwomba Mungu ambadilishe Rubeni moyo, maana aliona huko nako ni kumfunga kamba ile ile kwa mkono mkubwa zaidi. Aliomba Wema apewe pumzi ya kesho, na kesho ilipofika alishukuru, akaomba nyingine.

Siku moja Rubeni alikiacha chakula bila kukigusa.

"Mama, mbona huniulizi?"

"Nilikuuliza, ukanijibu."

Rubeni akatikisa kichwa, akicheka bila sauti. "Nilikuwa nakungoja unisukume. Nikusikie umenisukuma, nipate sababu ya kukukasirikia. Hukunipa." Akalivuta bakuli karibu. "Mwambie Wema nampa. Bado naogopa, lakini nampa. Na baba mdogo asiandike lolote. Sitaki watu waseme nilinunua mlango kwa mwili wangu."

Daktari alimwita Rubeni chumbani peke yake, mama akiwa nje na askari akiwa nje. Alikaa naye mpaka Dorkasi akadhani mambo yameharibika. Rubeni alitoka na jibu lile lile.

Upasuaji ulikwenda salama. Na kama kuna jambo Dorkasi hatalisahau mpaka siku ya kuitwa kwake, ni muuguzi aliyekuja mbio kwenye ukumbi wa kungojea, amebeba tabasamu usoni, kumwambia kwamba figo imeanza kazi, Wema amekojoa. Tangu lini mtu akapiga magoti sakafuni kwa ajili ya mkojo? Dorkasi alipiga. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru mwenye kufagia aliyesimama na ufagio wake kumpisha. Alimshukuru na askari Mosi, aliyelinda kitanda cha Rubeni, ambaye alimnywesha mfungwa wake uji kijiko kwa kijiko kabla hajaweza kukaa, akisema kwa utani kwamba mtu asiyeweza kuinuka hatoroki.

Lakini jeraha lilipofunga, gari la magereza lilikuja. Rubeni alilielekea polepole, mkono ubavuni. Wema alisimama dirishani kwa juu akimpungia. Hapo Dorkasi alijua uzito wa alichokikataa, maana kwa barua moja ya shemeji yake labda wangekuwa wanapanda mlima wote watatu. Alishika nguzo ya baraza mpaka gari likapinda. Hakujuta. Iliuma tu.

Mavuno ya mwaka uliofuata yalimkuta Wema akitembea mwenyewe kwenda kanisani, kuku tembe, asiyetaga bado, amembana kwapani. Mzee Aron alimpokea kuku, akamwinua juu, akaanza kunadi. Elisante alipandisha bei. Mwingine akapandisha, Elisante akapandisha tena, mpaka mzee Aron akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Huyu naye umeshampatia mkwe?"

Watu wakacheka, na safari hii Elisante alicheka kweli. Alimchukua kuku, akamwendea Wema.

"Mfuge, mwanangu. Kaka yako akitoka akute vifaranga."

Halafu, kwa sauti ya chini, akamwambia Dorkasi kwamba anataka kuwaandikia wakubwa wa bodi juu ya mwenendo wa Rubeni gerezani, kazi anazofanya, jinsi alivyokiri kosa tangu mwanzo, mambo ambayo mfungwa yeyote huandikiwa. Akauliza kama shemeji anaona vibaya. Kabla hajaandika, akasema, angependa wafike kwanza Rangwi, wamsikilize Sesilia.

"Figo usiitaje," Dorkasi alisema.

"Sitaitaja."

"Basi tutakwenda Rangwi. Nitapika bada, ugali wetu wa muhogo, tusifike mikono mitupu."

Nyumbani Wema alipiga magoti uani, akakata kamba ya mgomba miguuni mwa kuku. Kuku alibaki amesimama pale pale, miguu imeshikana, kama bado amefungwa. Dorkasi alikaa juu ya kinu akamngoja, hakumfukuza wala hakumwita. Baadaye kuku akanyanyua mguu mmoja, akautazama, akaenda kudonoa maharage.