Waya wa Kuchajia

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na asubuhi hiyo Nyawira alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya maabara, katika chuo kimoja katikati ya jiji, akichomoa kipanya cha kompyuta ili apate tundu la USB. Matundu mengine yote chuo kilikuwa kimeyaziba kwa gundi, ati flashi za wanafunzi zinaleta virusi. Ukitaka kuchomeka chochote, unakiachisha kipanya kazi, halafu unahangaika na kibodi peke yake.

Mezani palikuwa na kisanduku chake: bodi ndogo ya saketi, kipimajoto na king'ora. Alikitengeneza kwa ajili ya friza ya mama yake, muuza matumbo na maini huko Dagoretti. Friza yenyewe ni kuukuu. Ikikata baridi usiku, mama hufungua asubuhi akapokewa na harufu. Joto likipita digrii nne, kisanduku hupiga mayowe. Na kwa kuwa Nairobi hata iwe na baridi ya namna gani haifiki huko, kilipiga mayowe papo hapo kilipopata umeme.

"Zima hiyo kelele, wengine wanafanya mtihani," alisema Bwana Nzioka, mtahini aliyetumwa kutoka nje ya chuo. Nyawira akauchomoa waya wa king'ora. "Sawa. Inafanya kazi. Lakini nitajuaje ni yako? Siku hizi watu wananunua hizi vitu zikiwa ready. Badilisha hiyo nne iwe sita, upakie kwa hii mashine nikiona. Niko hapa mpaka saa saba."

Haikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho. Alifuta nne, akaandika sita, akaamuru programu ipakiwe. Kompyuta ikajibu kwamba haioni kifaa chochote. Taa ya bodi inawaka kabisa, na kompyuta inakana! Akachomoa, akachomeka. Akabonyeza kitufe cha bodi. Akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Wapi.

Muda wote alikuwa amefanyia mazoezi kwenye mashine kuukuu za karakana ya chuo, zilizokuwa na kila kitu, waya zake zikiwemo. Juma lililopita zilibebwa, zikaletwa hizi mpya. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, wakubwa wakala kuku. Hakuna aliyewauliza wanafunzi wanahitaji nini ndani yake. Waya aliokuja nao leo ulikuwa wa kuchajia simu yake.

Asipopakia hapati alama za vitendo, na bila hizo hakuna cheti mpaka mwakani. Karakana moja ya majokofu Kilimani ilikuwa imemwambia aanze kazi Jumatatu, mradi awe amepita. Habari za Jumatatu hiyo mama alikuwa ameshazitangaza soko zima.

Aliomba ruhusa, akabeba kisanduku na waya, akakimbia hadi Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki, kwa Shamsudin, mzee wa Kipwani aliyezoea kuwauzia wanafunzi vipuri. Mzee aliushika ule waya, akatikisa kichwa.

"Huu wa simu, mwanangu. Kuwasha utawasha, lakini maneno haupitishi. Ndani mna nyuzi mbili tu, za umeme. Wa data una nne."

Akatoa mwingine, akaichomeka bodi kwenye kompyuta yake ya dukani. Kompyuta ikalia, jina la bodi likatokea. Nyawira alitamani apakie hapo hapo amalize, ila mtahini hakuwa hapo.

"Nenda nao," Shamsudin alisema. "Utanirudishia ukishafuzu. Haya, mbio!"

Alirudi akihema. Akachomeka, na kompyuta ya chuo nayo ikalia. Alifurahi kwa muda wa kupepesa macho tu. Jina lilikuja na alama ya manjano: mashine imemwona mgeni, lakini haijui lugha yake. Ilitaka iwekewe programu ndogo ya kuielewa bodi, na kabla ya kuiweka ilidai nenosiri la msimamizi.

Msimamizi alikuwa Mbuthia wa ICT, kitengo cha kompyuta, ofisi ya mwisho koridoni. Alimkuta akichovya mandazi kwenye chai.

"Sir, ile mashine inataka password ya admin. Ni driver tu."

"Unataka nikupatie password?"

"Hapana sir, wewe ndio uandike. Ni dakika moja."

"Procedure iko. HOD, mkuu wa department yenu, anaandika request, inakuja kwa queue. Wiki ijayo utajibiwa."

"Na mtihani unaisha saa saba!"

"Hiyo ni ya watu wa exams. Mimi ni ICT." Akang'ata mandazi. "Funga mlango ukitoka."

Ngojangoja huumiza matumbo, na Nyawira hakuwa na wiki ya kungoja. Alirudi maabara, akamkuta Nzioka akifunga mkoba, saa saba ikiwa imegonga.

"Nimekuona ukihangaika," mtahini alisema, na alionekana kusikitika kweli. "Lakini kuhangaika hakuna marks, msichana wangu. Pole. Ujaribu mwakani."

Nyawira alibeba kisanduku chake. Waya wa Shamsudin aliukunja vizuri, akautia mfukoni. Nje ya mlango wa ICT palikuwa na soketi ya ukutani. Alisimama hapo, akatoa chaja yake, akaichomeka, akaunganisha kisanduku kwa ule waya wake wa simu, usiopitisha maneno, kisha akaurudisha waya wa king'ora mahali pake.

Mayowe yalijaa korido. Milango ikafunguka. Mbuthia akatoka na makombo ya mandazi kifuani.

"Nani amewasha hiyo kitu? Zima!"

"Procedure iko, sir," Nyawira alisema. "Andika request. Utajibiwa wiki ijayo."

Mtu alicheka kule maabara. Mbuthia hakucheka. Aliinama, akaing'oa chaja ukutani, akaitupa sakafuni, na korido ikanyamaza. Kuzima hakukudai nenosiri.

Nyawira aliiokota. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni, na hakujisumbua kuyaficha. Akaichomeka tena.