Wodi ya Vitanda vya Joto

Njiti ni jina la utani alilopewa kabla hata hajafumbua macho vizuri, likamganda mpaka ukubwani. Alikuwa fundi wa makochi, mwanamke mwenye mikono migumu, miguu myembamba na tumbo lililoanza kumtangulia. Hospitali ilipotangaza kuwa waliozaliwa kabla ya siku zao na kulelewa katika wodi yake ya vitanda vya joto, mwaka ule wa mafuriko, waende wakapimwe, mama yake ndiye aliyemsukuma. Mwenyewe alijiona mzima, kiu tu ndiyo iliyokuwa ikimsumbua.

Chumba cha kusubiri kilikuwa kimepakwa rangi upya, viti vya plastiki vimezagaa kila upande. Njiti akaenda moja kwa moja kuketi kando ya ukuta wenye dirisha. Wengine wakaingia mmoja mmoja, watu wazima wasiojuana, nao wakajipanga ukuta uleule. Baina yake na dereva mmoja wa lori kikabaki kiti kitupu. Alipotaka kuweka mkoba wake hapo, dereva akamzuia.

"Pana mtu."

Njiti akamwuliza ni nani. Dereva akakunja uso, akakiri kwamba hata yeye hajui kwa nini amesema vile. Njiti akaupakata mkoba wake.

Walikuwa wameshatolewa damu alipoingia bibi mmoja mfupi, muuguzi mstaafu aliyealikwa na daktari kuja kuwasalimu. Alianza kwa mzaha, kwamba zamani aliwabeba wote hawa kwa mkono mmoja na leo hata mguu wa mmoja wao hawezi kuuinua. Akawauliza kila mmoja ni mwana wa nani. Kadiri walivyomjibu, kicheko kilimkauka.

"Nani amewapanga hivi?" akamwuliza daktari.

Daktari akasema hakuna, kila mtu amekaa alipopenda.

"Basi ndivyo walivyolala. Vitanda vya joto vilikuwa ukuta huu huu. Huyu wa pili," akamwonyesha dereva, "na huyu binti wa nne."

Njiti akakitazama kiti kitupu, mahali pa wa tatu. Njiti alihisi ubavu wake wa upande ule ukipoa, kama ameketi karibu na friji iliyoachwa wazi.

Daktari akasoma majibu. Sukari ya Njiti ilikuwa imeanza kupanda. Ya dereva ilishavuka mpaka, na zaidi ya hapo alikuwa na shinikizo la damu. Akawaeleza taratibu kwamba mwili uliozaliwa mapema, ukahimizwa kunenepa upesi, huweza kushindwa na sukari ukubwani. Si wote, na si lazima. Ila wasiache kupima.

Nyumbani, mama alikuwa akikunja nguo. Njiti akamsimulia yote, hata habari za kiti kitupu.

"Wa tatu alikuwa wa kike," akasema. "Mama yake hakuwa na maziwa, nikawa namkamulia ya kwangu. Siku alipotutoka ndipo wewe ulipoanza kunywa, mwanangu. Ulikunywa kama mko wawili."

Njiti aliacha soda, akawa anakwenda karakana kwa miguu. Miezi ikapita, sukari yake ikashuka, na kiu ikamwondoka. Hapo ndipo ukiwa ulipomwingia, ukiwa wa kuachwa na mtu aliyemzoea. Hakumwambia yeyote ila yule dereva, aliyekuwa akikutana naye kliniki na ambaye sasa alikuwa akimeza vidonge kila asubuhi. Dereva akamwuliza kama na yeye, akikaa peke yake, bado husogea kidogo kumpisha yule wa tatu.