Maji ya Wageni

Mradi wa umwagiliaji ulipofungwa rasmi huko Kagerankanda, wali ukaliwa, hotuba zikatolewa, na magari meupe yakarudi yalikotoka. Kesho yake Odilia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alikwenda bustanini kama kawaida, akafungua bomba, likatoa hewa. Kabichi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kufunga. Waliita fundi kutoka Kasulu mjini. Alikagua tangi, akapima pampu, akafuta vumbi kwenye sola.

"Pampu nzima," alisema. "Haitaki tu."

Kabichi zilikuwa zimeshalegea pale ugeni wa wilayani ulipopita kupiga picha. Mgeni wa kwanza aliposhuka garini, bomba lilifoka maji mpaka likamlowesha viatu. Gari lilipogeuza, yakakata.

"Maji yanawatokea wageni tu," Odilia aliwaambia wenzake, na hakuna aliyebisha.

Wakaanza kutafuta mgeni. Mchungaji alisimama bombani, hakikutoka kitu. Bwana shamba alipata matone. Shemeji wa mwanakikundi mwenzao Esteri, aliyekuja msibani kutoka Dar es Salaam, alijaza nusu ndoo, kisha maji yakamzoea.

Ndipo wakamkumbuka Melkiadi, aliyekuwa dereva wa mradi. Alikuwa amebaki na kizibao chenye nembo. Alikivaa, akakunja mikono nyuma, akasema, "Hongereni sana kwa kazi nzuri." Maji yakamwagika.

Tangu hapo Melkiadi alishinda bombani. Alitaka kiti chenye egemeo, soda, kuku wa mchana, na wimbo wa kumkaribisha. Bila wimbo yalitoka matope. Akina mama walimwagilia huku wakiimba.

"Mama Aneth, kuku wanaisha," Esteri alilalamika.

"Kuku anakula Melkiadi, kabichi wanakula watoto wetu," alisema Odilia. "Tuvumilie."

Lakini ilimuuma. Mtaro wa lile bomba waliuchimba wao kwa majembe, yeye akiwa na mimba ya Aneth. Siku Melkiadi alipolala na homa, Odilia aliazima kizibao chake, akaenda kusimama mbele ya bomba, akakunja mikono nyuma.

"Hongereni sana kwa kazi nzuri."

Bomba lilikohoa, likanyamaza. Yeye lilimjua. Odilia alivua kizibao, akakikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe pamoja na uji.

Mvua zilipokaribia walikuja watu wa tathmini, kuona kama mradi unajiendesha bila wafadhili. Waliposhuka, maji yalifoka. Waliingia bustanini, wakabonyezabonyeza kabichi, wakauliza nani anaendesha mambo yote haya.

"Ni sisi wenyewe," alisema Odilia.

Kiongozi wao, mama mpole mwenye miwani, alimshika mkono kwa furaha ya kweli.

"Mmefika pazuri," alisema. "Nyinyi hamhitaji tena wageni."

Odilia alishukuru. Gari lilipogeuza, alimsogezea Melkiadi kiti kivulini, akaanzisha wimbo.