Kamusi za Wageni wa Raudha

Siku hiyo ya mwaka 1996 Mzee Fakihi hakuwaza harusi ya kesho ya binti yake Raudha, aliwaza chumba cha kompyuta yake. Mkewe, Bi Munira, alishatangaza mbele ya majirani wa Gongo la Mboto: hiyo kompyuta nyeusi (ambayo Fakihi aliapa haina mwenzake hadi Zanzibar) isipomtajia wageni wa chai ya asubuhi, inatoka, kuku mia wanaingia.

"Kila mgeni ana kamusi yake," Fakihi alieleza, vidole vikimwasha. "Neno 'jina', mbele yake Mwinshehe. Neno 'saa', mbele yake mbili. Kamusi zote nimezipanga safu moja. Objective-C, lugha ya mashine hii, inachuja, wa asubuhi wanabaki."

"Baba Raudha, mie nataka majina. Tabu apime unga wa kesho."

Mpishi Tabu alikuwa mlangoni, chekeche mkononi. "Jua linapanda, shemeji."

Fakihi akabonyeza. Kioo kikafurika majina, mitaa, saa, mabano.

"Makubwa! Si karatasi yangu ya wageni hii, umeinakili tu?"

"Imetoa kamusi nzimanzima. Ngoja!" Akaandika mistari mitatu: pita kwenye safu iliyochujwa, kila kamusi ichomoe 'jina' peke yake, lipange kwenye safu mpya. Akabonyeza. Majina matupu, yamenyooka kama askari wa kambini! Fakihi akaruka hadi kofia ikamdondoka.

Tabu akahesabu. "Mia mbili na nne. Harusi nzima inakuja kunywa chai?"

"Hata shangazi wa Kibamba!" Bi Munira akaangua kicheko. "Nimemwandika saa nane, baada ya adhuhuri. Kuku haooo!"

Fakihi akarudia kusoma mistari yake. Alikuwa ameiambia mashine asubuhi ni chini ya kumi na mbili, kama kitabu cha Wazungu kilivyomfundisha. Lakini nani hapa mtaani aliwahi kualikwa saa kumi na nne?

"Mama Raudha, nimechuja kwa saa za Kizungu!"

Akafuta kumi na mbili, akaweka sita, saa ya adhuhuri. Akabonyeza, jicho moja kalifumba.

Majina thelathini na moja. Bi Munira akayafuata kwa kidole kwenye karatasi yake, moja moja, midomo ikicheza. Yote kweli. Tabu alishatimka jikoni.

"Na kuku?" Fakihi akauliza kwa sauti ya chini.

Bi Munira akavuta kigoda mbele ya kioo.

"Watajengewa uani. Hebu tia neno jingine kwenye kamusi za wageni: 'zawadi'. Mie nakutajia, wewe chuja wabahili."