Majina Aliyoyauliza Kaka Sifaeli

Kaka yangu Sifaeli anaijua China kuliko anavyoijua Tengeru kwetu, na hilo nalisema kwa hasira. Miaka yote ya chuo kikuu alifundisha historia ya China ya kisasa, akaandika vitabu juu ya jambo moja: wakati wa kugawa mashamba ya matajiri, wanakijiji wa huko waliwezaje kumpiga jirani yao hadharani mpaka akafa. Alikwenda mpaka jimbo la Hunan kuwahoji wazee kwa Kichina chao. Kila mmoja alimwambia waliopiga ni watu. Watu gani? Watu tu. Basi kaka akaamini kwamba umati unaua kwa sababu hauna jina, na ukimuuliza mtu jina lake kabla hajapiga, mkono utashuka. Alituchosha na habari hiyo kila Krismasi, ndizi zikapoa sahanini.

Alipostaafu alirudi mlimani kwenye kihamba cha baba, shamba letu la migomba, akamwajiri Lomayani amtunzie ng'ombe. Kijana wa watu, mpole mpaka anakera. Jumamosi ile kaka alinunua mtamba mwekundu pale mnadani, akamwachia Lomayani amswage mpaka nyumbani. Usiku uliotangulia, Yiamat wa kule chini alikuwa ameibiwa mtamba mwekundu. Mnaona wenyewe.

Tukasikia yowe la mwizi. Nilitoka mbio, kaka nyuma yangu anahema. Tulipofika barabarani Lomayani alikuwa chini tayari, sikio limechanika, meno yake yako vumbini. Mtu akamkanyaga mkono, nikausikia ukivunjika. Mwingine anaita petroli iletwe.

"Ng'ombe ni wetu!" nilipiga kelele mpaka koo likawaka. Nani amsikilize muuza ndizi kama mimi? Nikasukumwa mtaroni. "Kaka, waambie! Wewe watakusikia!"

Kweli walimsikia. Alipenya, akasimama juu ya Lomayani, mzee wa mvi na koti lake, na badala ya kusema neno moja tu, ng'ombe ni wangu, akamgeukia aliyekuwa karibu, jiwe mkononi.

"Wewe unaitwa nani? Mtoto wa nani?"

Mzee akikuuliza hivyo huku kwetu, hunyamazi. "Shikamoo. Calvin, mtoto wa Eliud." Jiwe likaanguka. Kaka akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu. Mikono ina damu, na wanataja baba zao kama wako darasa la kipaimara! Dumu la petroli likawekwa chini. Lomayani akafungua jicho moja, akamwona mwajiri wake, akajaribu kukaa. Nikamtazama kaka usoni. Jamani, alikuwa na furaha. Mtu anavuja damu miguuni pake, yeye anafurahi kwamba vitabu vyake vilisema kweli.

"Kaka, watajie ng'ombe basi!"

"Subiri, Ndeshi."

Akafika kwa Yiamat. "Na wewe?"

"Yiamat. Baba yangu Lemomo, mama yangu Sinyati, nyumbani ni pale chini ya josho." Hakutetemeka hata kidogo. "Umeshika, mzee? Haya."

Akainua rungu kwa mikono miwili, akalishusha kichwani kwa Lomayani, halafu tena. Fuvu lilipasuka tukiangalia. Damu ilirukia suruali ya kaka mpaka magotini.

Hapo ndipo kaka aliposema ng'ombe ni wake. Alisema kwa sauti ndogo. Yiamat alimtazama, akamtazama mtamba vizuri kwa mara ya kwanza, akaona si wake, akaanza kupiga mayowe.

Kituoni askari aliuliza nani na nani walipiga. Kaka hakusita. Alitaja wote, na baba zao, hata Calvin ambaye mimi mwenyewe ni mama yake wa ubatizo. Nashipae, mama yake Lomayani, alikuwa kwenye benchi ukutani, anasikiliza, hana hata chozi.

"Wameisha, mzee?" askari akauliza.

"Bado mmoja. Sifaeli, mtoto wa Kaanaeli. Ng'ombe alikuwa wangu, mimi ndiye niliyemtuma. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaanza na majina."

Askari akaweka kalamu chini, akasema hilo haliandikwi, kwa sababu si kosa kisheria.

Nashipae akainuka kwenye benchi, akamjia kaka, na mimi, dada mtu, niliyesimama kati yao, nikampisha amfanye atakalo.